LUDWIG KRAPF: MTUMISHI ALIYEWATIA WENGINE MOYO KWA KALAMU



Katika kijitabu hiki cha jubilei mtasoma salamu za viongozi, historia fupi ya kwaya na orodha ya nyimbo za siku. Kurasa hizi tumezitenga kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa mwanakwaya, hakufika Kericho wala Bomet, na alifariki zaidi ya miaka 140 iliyopita. Jina lake mlilisoma shuleni: Johann Ludwig Krapf. Wengi wetu tulifundishwa kwamba alikuwa mmisionari aliyefungua kazi ya Injili katika pwani ya Kenya ya leo, na Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Tuliyaandika hayo kwenye mtihani, tukapata alama zetu, tukamwacha hapo.

Sisi tumemchagua kwa sababu nyingine. Krapf alihubiri kwa miaka mingi katika nchi yetu, na waumini aliowapata wangeweza kuhesabiwa kwa vidole. Ukipima huduma yake kwa idadi ya watu waliobatizwa, utasema alishindwa. Lakini alikuwa na huduma ya pili ambayo hakuiacha hata alipokuwa na homa, hata alipokuwa na msiba nyumbani, hata alipokuwa mzee aliyerudi kwao. Huduma hiyo ilikuwa kuandika. Barua zake, vitabu vyake na kamusi yake viliwatia moyo watu ambao hakuwahi kuwaona, na sisi tumo miongoni mwao.

KIJANA ALIYEWASIMULIA WAVUNAJI

Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Maisha yao yalikuwa ya jembe, mifugo na kanisa la kijijini, maisha ambayo sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, jirani alimpiga vibaya sana kwa kosa ambalo hakulifanya. Alimfikiria kuwa mtoto mwingine. Ludwig alilala kitandani kwa karibu nusu mwaka. Katika miezi hiyo mtoto huyu alisoma Biblia, hasa habari za Agano la Kale, hadi zikamkaa moyoni. Alipopona na msimu wa mavuno ukafika, alikuwa akiwasimulia wavunaji shambani habari za mababu wa imani, nao wakakaa kumsikiliza na kusema kwamba huyu mtoto atakuja kuwa mchungaji.

Tuitazame vizuri picha hiyo, maana ni ya kwetu kabisa. Wachumaji wengi wa majani chai hapa Kericho na Bomet wamejifunza nyimbo zao wakiwa na kikapu mgongoni, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia kutoka mstari wa pili. Neno la Mungu halikuanza kutembea mashambani leo.

Baadaye Ludwig alisoma katika chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, akaacha kwa muda, akasoma theolojia Tübingen na kumaliza mwaka 1834. Mwaka 1837 shirika la misheni la Kanisa la Uingereza, linalojulikana kwa herufi CMS, lilimtuma Ethiopia. Huko alifanya kazi Tigray, kisha Shoa katika ufalme wa Sahle Selassie. Aliwapenda sana Waoromo na akaanza kutafsiri Injili kwa lugha yao. Lakini mwaka 1842 alipotoka kidogo kwenda pwani, alikuta njia ya kurudi imefungwa. Miaka mitano ya kazi ilibaki nyuma ya mlango ambao hakuweza tena kuufungua.

Mwaka huohuo alimwoa Rosine Dietrich nchini Misri. Walijaribu pamoja kurudi Ethiopia, na katika safari hiyo Rosine alijifungua mtoto wa kike nyikani, kabla ya wakati wake. Mtoto huyo hakuishi. Walimpa jina la Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi.

MOMBASA, MWAKA 1844

Krapf hakurudi Ulaya. Aliwaza kwamba kama njia ya kaskazini imefungwa, huenda akawafikia Waoromo kwa kupitia pwani ya Waswahili. Alifika Zanzibar mwezi wa Januari 1844. Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, alikuwa Mwislamu, naye alimpokea kwa heshima na kumpa barua ya kumtambulisha kwa magavana wake wa pwani, akiwaomba wamtendee mema mtu huyu. Hivyo kazi ya Injili katika nchi yetu ilianza kwa barua, na mwandishi wa barua hiyo hakuwa hata Mkristo.

Mombasa ya wakati ule ilikuwa na elimu yake. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na washairi wake walikuwa mashuhuri kutoka Pate na Lamu hadi Mvita. Krapf hakuja kuwafundisha Waswahili kuandika. Alikuja kujifunza kwao. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohiddin. Mmisionari wa Kijerumani na kadhi wa Kiislamu walikaa pamoja juu ya sura za kwanza za Biblia, wakitafuta neno baada ya neno. Sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847.

Krapf alifanya uamuzi ambao unatugusa sisi kila Jumapili. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, yaani hizi a, b, ch tunazozisoma sasa. Tahajia yake ilikuwa ya kigeni na leo ingetuchekesha, lakini njia aliyoichagua ndiyo iliyofuatwa. Hapa kwetu, katika kambi za mashamba ya chai, mama wa Kikipsigis anaishi mlango kwa mlango na Mkisii, Mjaluo na Mluhya. Jikoni kila mmoja ana lugha yake. Tunapokutana kwenye mazoezi ya kwaya, tunakutana kwa Kiswahili, na kila mmoja anaweza kuchukua daftari la mwenzake na kusoma kilichomo.

BARUA KUTOKA KANDO YA KABURI

Mwezi mmoja tu baada ya kuanza kutafsiri Mwanzo, homa iliingia nyumbani kwa Krapf. Yeye aliugua, na Rosine aliugua akiwa mjamzito. Mapema mwezi wa Julai alijifungua mtoto wa kike. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine alifariki. Siku chache baadaye mtoto naye alimfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi cha kushindwa kusimama vyema.

Rosine alikuwa ameomba asizikwe kisiwani bali azikwe bara, kando ya njia wanayopita watu wa Mijikenda wakienda Mombasa, ili kila apitaye alione kaburi na kuuliza mtu huyu alikuja kutafuta nini. Alizikwa upande wa Nyali, ng'ambo ya Mji wa Kale. Kaburi lipo hadi leo, na karibu nalo pana mnara wa kumbukumbu ya Krapf.

Kisha mjane huyu, mwenye homa na asiye na mtoto, alichukua kalamu akaiandikia kamati ya CMS mjini London. Wengine wangemwelewa kama angeomba kurudishwa nyumbani. Yeye aliwapasha habari kwamba sasa liko kaburi la mmisionari katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba kaburi hilo liwe kwao ishara ya kuwa vita vya kiroho vya upande huu wa dunia vimeanza. Akawaeleza kwamba ushindi wa kanisa hupatikana kwa kukanyaga juu ya makaburi ya watu wake, na kwa hiyo wawe na hakika kwamba saa imekaribia ya Afrika kufikiwa kutoka pwani yake ya mashariki.

Hapa tunaomba tusimame kidogo, kwa sababu barua hiyo ndiyo kiini cha kumbukumbu hii. Sisi wanakwaya ni watu wa misiba. Hakuna mazishi tunayokosa. Na mara nyingi tukiandika rambirambi au kusimama mbele ya waombolezaji, tunakimbilia maneno matamu: msilie, ni mapenzi ya Mungu, yote yatakuwa sawa. Krapf hakukimbia hivyo. Alitaja kwanza kaburi. Hakuwaficha kamati kwamba mkewe amekufa, mtoto amekufa, na yeye mwenyewe huenda akafa. Baada ya kusema ukweli wote, ndipo alipoeleza anachokiona mbele. Ndiyo maana tumaini lake liliaminika. Mfiwa anajua kaburi lipo. Ukilifunika kwa maneno mazuri anajua humwoni, na faraja yako haimfikii.

Barua hiyo ni mojawapo ya barua zinazokumbukwa zaidi katika historia ya umisionari. Kamati haikuifunga kazi. Mwezi wa Juni 1846 mmisionari wa pili, Johannes Rebmann, aliwasili Mombasa.

RABAI, NA PUNDA MMOJA

Krapf na Rebmann waliamua kuhamia bara, katika vilima vya Rabai. Wazee wa Warabai waliwakubali. Siku ya kuhama, tarehe 25 Agosti 1846, wote wawili walikuwa na homa. Punda mmoja alimwangusha aliyempanda na kurudi mbio Mombasa, wakabaki na mmoja, wakawa wanapokezana, huyu anapanda na huyu anajikokota. Krapf alikiri baadaye kwamba ni vigumu kupata misheni iliyoanzishwa na watu dhaifu kuliko wao.

Kazi ya Rabai ilikwenda polepole mno. Mtu wa kwanza kupokea ubatizo alikuwa Mringe, mlemavu maskini, naye alibatizwa akiwa karibu kufa. Miaka ilipita na ibada zikabaki za watu wachache. Lakini mezani kalamu haikulala. Krapf alijifunza lugha ya Warabai, na Injili ya Luka kwa lugha hiyo ikachapishwa Bombay, India, mwaka 1848. Mwaka 1850 akiwa Ulaya kwa muda alichapisha sarufi fupi ya Kiswahili, Injili ya Marko kwa Kikamba, na kitabu cha msamiati wa lugha 6 za Afrika Mashariki, zikiwamo Kiswahili, Kikamba na Kipokomo. Mwaka 1854 kilitoka kitabu cha sala za asubuhi na jioni kwa Kiswahili. Waumini wa kukitumia walikuwa bado hawapo. Aliandika kitabu cha ibada kwa ajili ya kanisa ambalo lilikuwa halijazaliwa.

Alitunza pia maandishi ya wenyeji. Mwaka 1854 aliwapa wataalamu wa Ujerumani miswada ya tenzi za Kiswahili, ukiwamo Utenzi wa Tambuka uliotungwa Pate mwaka 1728. Ni utenzi wa Kiislamu, wala haukuwa na faida yoyote kwa mahubiri yake. Aliona tu kwamba ni kazi kubwa isiyofaa kupotea. Wasomi wa Kiswahili wanamshukuru kwa hilo mpaka leo.

Tusimpambe kupita kiasi. Krapf alikuwa mtu wa haraka, na yeye na Rebmann walitofautiana. Rebmann aliamini katika kukaa mahali pamoja na kungoja, naye alikaa karibu na Rabai kwa miaka 29 hadi macho yake yakapofuka. Krapf alitaka kusafiri na kufungua vituo vingi, kwa ndoto ya kuunganisha Afrika Mashariki na Magharibi kwa mnyororo wa misheni kukatiza bara zima. Tena, katika vitabu vyake yamo maneno kuhusu Waafrika na kuhusu Waislamu ambayo leo tunayasoma kwa uchungu. Alikuwa mtu wa zama zake. Tunayasema haya kwa sababu huduma ya kuandika ina hatari yake: ulichoandika kikiwa kizuri kinabaki, na kikiwa na dharau nacho kinabaki.

Katika safari zake alifika Usambara kwa Mfalme Kimweri, na Ukambani mara mbili. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa mwenyeji wake Kivoi, aliuona Mlima Kenya ukiwa na theluji. Alipoandika habari hiyo, pamoja na ile ya Rebmann ya mwaka 1848 kuhusu theluji ya Kilimanjaro, baadhi ya wataalamu wa jiografia Ulaya waliwacheka. Walikuwa hawajafika Afrika Mashariki, lakini walijua kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na Mto Tana, na Krapf akatoroka peke yake porini akiwa na njaa, akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki. Aliyaandika yote hayo, ya mlima na ya mtutu wa bunduki, bila kujifanya shujaa.

KITABU KILICHOZAA KANISA

Mwaka 1853 afya yake ilimshinda, akarudi Ujerumani na kukaa katika mji mdogo wa Korntal. Alikuwa na miaka 43. Ameacha makaburi matatu barani Afrika, la Eneba na yale mawili ya Mombasa. Ameacha waumini wachache. Mtu mwingine angeona kwamba huduma imekwisha.

Yeye aliketi akaandika habari za safari na kazi zake. Kitabu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Nakala moja ilimfikia Charles Cheetham, mtunza hazina wa misheni ya kanisa moja la Kimethodisti nchini Uingereza. Alikisoma, akaguswa, akawasiliana na Krapf. Matokeo yake ni kwamba mwaka 1862 Krapf, pamoja na udhaifu wa mwili wake, alirudi pwani kuwaonyesha njia wamisionari wa Kimethodisti, akiwamo Thomas Wakefield, nao wakaanza kazi Ribe. Hapo ndipo lilipoanzia Kanisa la Methodisti katika Kenya, lenye waumini hadi Meru na kwingineko.

Hebu tulinganishe. Miaka ya mahubiri ya Krapf Mombasa na Rabai ilizaa watu wachache. Kitabu kimoja, kilichoandikwa na mgonjwa aliyerudishwa nyumbani, kilimfikia msomaji mmoja, na msomaji huyo akawa mlango wa kanisa zima. Hatusemi kuhubiri ni bure, la hasha. Tunasema Mungu hana njia moja tu ya kumtumia mtu, na yule aliyelazwa kitandani bado ana mkono wa kushika kalamu.

KAMUSI ALIYOIONA KWA IMANI

Miaka yake ya mwisho Krapf aliitumia mezani Korntal. Alihudumia uchapishaji wa Biblia kwa Kiamhari. Alikamilisha Agano Jipya kwa lugha ya Waoromo, wale ambao mlango wao ulifungwa mwaka 1842. Alikuwa amengoja zaidi ya miaka 30 kuwapelekea alichowakusudia, na mwishowe alikipeleka kwa karatasi.

Rebmann aliporudi Ujerumani kipofu na kufariki mwaka 1876, Krapf alichukua kamusi ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa ambayo rafiki yake aliiacha, akaitengeneza, ikachapishwa mwaka 1877. Mliokumbuka kwamba wawili hawa walitofautiana, kumbukeni na hili. Hakuacha kazi ya mwenzake ipotee kwa sababu ya ugomvi wa zamani.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa kamusi ya Kiswahili na Kiingereza. Alianza kukusanya maneno yake Mombasa tangu siku za Rosine, neno moja moja kutoka vinywani mwa watu. Alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 35. Jioni ya tarehe 26 Novemba 1881 aliingia chumbani kwake kulala, na baadaye akakutwa amefariki akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi ilitoka London mwaka 1882. Hakuishika mkononi.

Biblia nzima kwa Kiswahili ilikuja kuchapishwa mwaka 1891, ikiwa kazi ya Askofu Edward Steere wa Zanzibar na wenzake waliofuata. Haikuwa tafsiri ya Krapf. Lakini wote waliokuja nyuma yake waliikuta njia imeshafyekwa, na hakuna aliyeanzia porini tena.

SISI NA KALAMU ZETU

Sasa tuje nyumbani. Kwa nini kwaya ya mashamba ya chai ijishughulishe na mwandishi wa kamusi?

Kwanza, kwa sababu wenzetu wametawanyika. Tangu mashine za kuchuma majani zilipoingia mashambani, wanakwaya kadhaa wamepoteza kazi, wakafunga mizigo na kurudi makwao Kisii, Nyamira, Kakamega na kwingineko. Sauti ya tatu iliwahi kubaki na watu wawili. Tuliwaimbia siku ya kuwaaga, tukawapa sufuria na blanketi, kisha je? Wengine hawajasikia neno kutoka kwetu tangu siku ile. Ni kweli tuna simu. Lakini ujumbe wa kutuma kwa kikundi, uleule kwa watu wote, si sawa na barua yenye jina lako, inayokuuliza habari za mguu wako na za mtoto wako aliyekuwa akisubiri matokeo. Mtu aliyepoteza kazi haambiwi tu kwamba Mungu yupo. Anaandikiwa kwanza kwamba tunajua alichopoteza.

Pili, kwa sababu nyimbo zetu zinakufa. Katika kwaya hii tumekuwa na watunzi tangu mwanzo. Wengine walikuwa wachumaji, mmoja alikuwa mlinzi wa usiku na alitunga akizunguka na tochi. Nyimbo zao tuliziimba kwenye mashindano, kwenye harusi, kwenye makaburi. Ngapi zimeandikwa mahali? Tulipoanza kutayarisha orodha ya nyimbo za jubilei, tuliwaendea wazee wa kwaya. Walikumbuka ubeti wa kwanza na kiitikio, kisha wakatazamana. Ubeti wa tatu, ule wenye neno lenyewe la mtunzi, ulikuwa umezikwa naye. Krapf aliuokoa utenzi wa watu wa imani nyingine. Sisi tumeshindwa kuziokoa nyimbo za watu tuliokula nao.

Kwa hiyo kamati imekubaliana juu ya mambo matatu, nasi tunayatangaza hapa ili mtuulize mwaka ujao.

La kwanza, kuanzia jubilei hii kutakuwa na daftari kubwa la nyimbo, lenye jalada gumu, litakaloandikwa kila wimbo uliotungwa na mwanakwaya, beti zake zote, jina la mtunzi na mwaka. Wazee wetu watatembelewa nyumbani. Asiyeweza kuandika atasema, na kijana ataandika. Nakala ya pili itatunzwa mahali pengine, maana karatasi na mvua za Kericho hazipatani.

La pili, kila mwezi wanakwaya wawili watapewa zamu ya kuandika barua: moja kwa mwenzetu aliyehama, na moja kwa mgonjwa au mfiwa wa kanisa letu. Iwe fupi, iwe kwa mkono, kwa Kiswahili, Kipsigis au lugha yoyote ya moyo wa anayeandikiwa. Sheria ni moja tu: taja kwanza jambo lenyewe lilivyo, ndipo utie moyo.

La tatu, vijana wetu wa sekondari na wa vyuo wataombwa kuandika ushuhuda na habari za kanisa letu. Tunajua wapo wanaoandika mashairi kimyakimya nyuma ya madaftari ya hesabu. Msione haya. Andikeni, mtuletee. Hata tahajia ya Krapf haikuwa nzuri.

Huenda mtu akasema, mimi si msomi, nitaandika nini? Tumjibu kwa upole kwamba mkulima wa Derendingen hakumzaa msomi pia. Alimzaa mtoto aliyepigwa bila kosa, akalala kitandani na kitabu, akaamka na kitu cha kuwaambia wavunaji. Na tusingoje siku njema ndipo tuandike. Kama Krapf angengoja homa ipoe na huzuni iishe, barua ya mwaka 1844 isingeandikwa, na hatujui ni nani angekuja baada yake.

Mkipata nafasi ya kwenda Mombasa, vukeni upande wa Nyali mkalione kaburi la Rosine, kisha mpande hadi Rabai, ambako leo pana jumba la makumbusho. Kwaya ikijaliwa, tutapanga safari hiyo pamoja baada ya bonasi.

Kwa sasa, kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki tumeacha nafasi tupu yenye mistari. Hiyo si kosa la mpiga chapa. Ichaneni, mwandike barua moja kabla ya Jumapili ijayo. Jina la wa kuandikiwa tayari mnalo moyoni.